Kipanga Aliyerudi Kucha Tupu

Mpendwa mtani wangu Mwanaisha,

Sikuulizi habari za huko. Nikikuuliza utaanza kujibu, na wewe ukianza kujibu mtu mwingine hapati tena nafasi ya kufungua mdomo. Leo nataka niseme miye. Kaa kitako, usinikate kauli, msikilize Msambaa wako mpaka mwisho.

Barua hii wataisoma na watu wasiokujua, kwa hiyo itabidi nikueleze wewe kwako mwenyewe. Cheka ukitaka. Wewe ni Mwanaisha wa Mwera, kule Pangani, Mdigo mfupi mwenye sauti ndefu, fundi wa mashairi ambaye harusi bila wewe ilikuwa kama pilau bila bizari. Miye ni Yona. Niliteremka na marehemu baba kutoka milimani kuja kukata mkonge. Mkonge ukanichoma siku ya kwanza, nikauaga siku ya pili, nikapanda juu ya mnazi. Toka hapo mpaka magoti yaliponigomea nilikuwa mkwezi, na kati ya Pangani na Tanga hajazaliwa mkwezi kama miye. Hapo sijisifu. Nataja tu, kama mtu anavyotaja kuwa leo Jumanne.

Shule sijakaa hata siku moja. Vidato nilivyopanda ni vile vya kuchonga kwa panga kwenye mnazi. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, ndevu zimeshaanza mvi. Kwa hiyo mwandiko ukiukuta unapanda na kushuka, ujue ndio kazi niliyoizoea.

Unakumbuka nilivyokusimulia habari ya mnazi wa kwa Mzee Kombo? Nilikwambia ni mrefu mpaka ukifika juu unasikia harufu ya karafuu za Pemba. Nikakwambia siku moja nilimwona mama mmoja wa Kipemba anachoma mkate wa ufuta, nikampigia kelele kwamba unaungua upande wa chini, akaugeuza. Ukaniuliza bila kucheka:

"Akakushukuru?"

"Alinishukuru sana."

"Kwa lugha gani, Kishambaa?"

Ndio ulivyokuwa. Watu wengine walikuwa wakinisikiliza wakapiga makofi. Weye ulikuwa ukinisikiliza kisha unatoboa tundu pale pale penye upepo.

Na haki ulikuwa nayo. Sisi Wasambaa na nyie Wadigo ni watani, na kwa watani tusi ndiyo salamu. Nikija kwako ulikuwa unasema, "Lete kiti, mzigo umefika." Nami nikikukuta unakula nilikuwa nasema, "Huyu Mdigo hata kwenye mfungo anatafuna kivuli." Siku ukimwambia mtani wako amependeza, ataanza kujipapasa nyuma kama nguo imechanika. Mtani hasifu, mtani hashukuru, na mtani akitupiwa neno asijibu, basi kashindwa, ataenda kulala mapema. Sheria hiyo tuliijua wote wawili kuliko tulivyojua majina ya majirani.

Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyonifanya mjinga miaka yote, kwa ajili ya shairi lako moja tu. Na nusura nilitupe.

Ilikuwa hivi. Siku hizi nakaa Raskazone na mwanangu. Yeye analinda nyumba moja ya zamani, miye namlindia usingizi wake. Binti yako Zuhura, mwalimu Zuhura wa Chumbageni, akanipigia simu, akasema mjomba njoo, nina jambo la mama. Nikapanda bodaboda. Kijana aliyeniendesha alidhani mzee ataogopa. Nikamwambia kaza mwendo, nimewahi kushuka kwa kasi kuliko hii bila pikipiki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Chai iko wapi?"

Zuhura kajaza meza makaratasi. Kachukua madaftari yako yote, kayachapa, anatengeneza kijitabu cha mashairi ya mama yake, watu wagawiwe siku ya hitima yako ya mwaka. Nikafurahi, nikamwambia mama yako hakuwa malenga wa hivyo, ila pamoja na makosa yake kitabu kinamstahili. Akacheka. Halafu akanivutia karatasi moja.

"Mjomba, hili la kipanga. Watu wote Mwera wanajua mama alikutolea wewe. Sitaki nikuchapishe matusi ukiwa hai na mzima. Neno lako ndilo litakalofuatwa. Liwemo, au nilitoe?"

Nilikuwa sijaliona limeandikwa. Nilikuwa nalisikia tu, vibaya vibaya, midomoni mwa watu. Nikalisoma kwa kidole:

*Kipanga yu kileleni,*
*umande u mabawani,*
*atazama uwanjani,*
*kimya kama ana lake.*

*Akajitupa kwa kasi,*
*kuku akawa na wasi,*
*kisha karuka upesi.*
*Tupu, tupu, kucha zake.*

"Litoe," nikasema.

Zuhura akachukua kalamu nyekundu akalipiga mstari, kona kwa kona. Mwanaisha, nakwambia kweli, nilisikia raha. Raha ya mtu aliyeng'oa mwiba uliokaa mguuni toka ujana.

Lakini umezaa mwalimu, na mwalimu hawezi kuona shairi akaliacha lipite hivi hivi. Akaendelea kulitazama lile shairi lililokatwa, kichwa kakiinamisha upande, vile vile ulivyokuwa ukikiinamisha weye.

"Mjomba, kuna kitu hakijakaa sawa humu. Kipanga kashuka. Kuku kaogopa. Sasa kifaranga kiko wapi?"

"Kifaranga gani?"

"Ndiyo nakuuliza. Kipanga akishuka uwanjani anafuata kifaranga. Hapa hakitajwi. Mama hakuwa mtu wa kusahau kifaranga."

Chai ikanipalia. Nikakohoa mpaka akanipiga mgongoni. Nikamwambia nipe hiyo karatasi, nitakwenda kuitazama nyumbani, na usipeleke kitabu kwa mchapaji mpaka nirudi. Akasema mchapaji anataka kazi Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu.

Sasa ngoja nikukumbushe siku yenyewe, ingawa najua hukuisahau hata dakika moja.

Asubuhi, umande haujakauka, niko juu ya mnazi wa tatu kwenye kiambo chenu. Mumeo kaenda Pangani mjini. Mama mkwe wako kaenda kumtazama mgonjwa. Uwanjani mko wawili tu, weye unapepeta mchele, na Zuhura, hata miaka miwili hajatimiza, anakokota kifuu cha nazi kwa uzi. Nyuma ya jiko kisima. Na kisima chenyewe hakikuwa na ukuta, shimo tu limefunikwa bati. Ulichota maji, ukasahau kurudisha bati.

Juu ya mnazi mtu anaona vitu jinsi vinavyotaka kutokea. Nikaliona shimo liko wazi. Nikamwona Zuhura anazunguka jiko, kifuu kinamfuata, anayumba kama mlevi mdogo. Nikakuona weye umeupa mgongo ule upande.

Nilichofanya baada ya hapo ulikiona. Nilitoa miguu kwenye kitanzi cha kupandia, nikaukumbatia mnazi, nikajiachia. Kifua kikamenyeka kama muhogo. Kikoi kikanasa kwenye kidato katikati ya safari, chenyewe kikabaki, miye nikaendelea. Nikagusa chini nikakimbia, nikamdaka Zuhura kwa gauni, mguu wake mmoja ukiwa tayari umekanyaga hewa. Kifuu kikamponyoka, kikatumbukia. Tulikisikia wote wawili kilivyogonga maji.

Nikaja kukuwekea mtoto juu ya ungo, mchele ukamwagika wote. Ulipiga ukelele mmoja, kisha ukajiziba mdomo kwa kanga. Halafu ukanitazama, ukasema maneno ambayo sijamwambia mtu mpaka mwezi uliopita:

"Mtani, hili lifukie. Mama mkwe akijua nimeacha kisima wazi, leo leo nalala kwetu, na mtoto nanyang'anywa."

"Nimelifukia."

Ndipo tukasikia sauti ya mama mkwe wako njiani. Nami nimesimama uwanjani kwako, kifua kinatoka damu, nimevaa kaptula yenye matundu mawili nyuma kama macho ya bundi. Nikatoka mbio kwa nyuma ya nyumba. Nazi zangu sikuchukua, na unajua desturi yetu, mkwezi hashuki mnazi bila fungu lake. Kabla ya adhuhuri Mwera nzima wanajua: Yona kalewa tembo, kaanguka mnazini, kakimbia uchi, kikoi chake kinapepea kule juu kama bendera. Watoto walikwenda kukitazama makundi kwa makundi.

Nikanyamaza. Mtani, fikiria. Miye! Miye ninayemsimulia kinyozi habari ya kuku wangu mpaka mtu anaondoka ndevu nusu. Nilikuwa na kisa kizuri kuliko visa vyangu vyote, halafu cha kweli, hata sina haja ya kukiongezea chumvi, na nikakikalia. Kila nilipopita walisema, "Yona, leo tembo umeionja au umeioga?" Nikawa nacheka nao. Mumeo mwenyewe alinitania, Mungu amrehemu, nami nikamjibu kwamba tembo ilikuwa ya shemeji yake.

Wiki mbili baadaye ikaja harusi ya kina Tatu, shoga yako. Ukasimama katikati ya wanawake, ukatoa hilo shairi. Ulipofika kwenye "tupu, tupu" wanawake wakalidaka, wakalipigia makofi, wakanigeukia. Nikakujibu pale pale kwamba Mdigo akiona kipanga huingia chini ya kitanda na kumwachia kuku alinde nyumba. Watu wakaanguka kwa kicheko. Nilishinda siku ile, kila mtu alisema nimeshinda.

Lakini nilirudi nyumbani nimeumia. Nilijisemea, kumbe hata yeye. Wengine hawajui, sawa. Yeye niliyemrudishia mtoto mpaka juu ya ungo wake, ambaye alipaswa angalau anyamaze tu, ndiye anayenitungia kwamba nimerudi kucha tupu. Sikukwambia. Mtani haendi kwa mtani kulia. Nikaendelea kuja, ukaendelea kuniita mzigo, tukazeeka hivyo hivyo, tukizikiana watu wetu, na ule mwiba umo.

Mara mbili ulinigusia. Ya kwanza ni siku Zuhura alipofaulu kwenda chuo cha ualimu. Unanimiminia chai, ukaniuliza ghafla:

"Yona, lile la kipanga ulilielewa?"

"Nililielewa vizuri sana."

"Haya."

Ukaniongeza kipande cha mhogo. Nami nikaona umeniongeza ili ninyamaze.

Ya pili ni ulipokuwa umelala kitandani, umebaki macho tu. Ulisema, "Mtani, lile shairi ulisome polepole." Nikakwambia wewe pona kwanza, kusoma kwenyewe ninakojua ni kwa polepole tu, sina kwingine. Ukatabasamu ukageukia ukutani. Siku ya maziko nilifanya kazi yangu ya utani kama inavyotakiwa. Nilivaa kanga yako, nikashika upawa wako, nikawafokea waliokuja kuchimba kaburi kwa sauti yako hasa, "Chimbeni kwa adabu, mnachimba muhogo?" Watu wakacheka huku wanalia. Halafu nikasema kwa sauti, "Leo tuone nani karudi tupu." Hilo neno, Mwanaisha, nikilikumbuka naona haya kwenye masikio.

Basi Jumatatu ile nikakaa na karatasi yako juu ya ukuta mfupi pale Raskazone, jua la saa tisa linanichoma kichwani. Nikasoma kwa kidole. Miye sijui kuchambua mashairi kama walimu. Lakini vipanga nawajua. Nimekaa nao kwenye makuti uso kwa uso, nimewaona wanavyolenga, hakuna profesa aliyemkaribia kipanga kama miye.

Nikaanza juu. Kipanga yuko kileleni, sawa, ni miye, hilo halina ubishi. Umande mabawani. Hapo nikasimama. Watu walisema nilikuwa nimelewa tembo. Mlevi hapandi mnazi na umande, mlevi wakati huo bado anatafuta viatu. Kumbe katika mstari wa pili tu ulishawaambia watu huyu alikuwa mzima, yuko kazini toka alfajiri. Uliwaambia mbele ya macho yao, harusini, na hakuna aliyesikia. Hata miye.

Nikaja kwenye "kimya kama ana lake." Huo mstari ndio ulionichoma zaidi zamani, kwa sababu nilidhani unanisuta kwa domo langu. Sasa tazama. Kunguru akitaka kuiba hupiga kelele mtaa mzima ujue. Kipanga hasemi kitu. Akisema, kifaranga kimeshakimbia. Na miye siku ile sikupiga kelele. Ningepiga, Zuhura angeinua uso kunitafuta juu, na mtoto akitazama juu haoni anapokanyaga, na mbele yake lilikuwa shimo. Hilo sikumweleza mtu. Sikukueleza hata wewe. Maisha yangu yote nimenyamaza mara moja kabla ya jambo, na wewe, umegeuza mgongo, unapepeta mchele, uliusikia ukimya wenyewe. Uliusikia, ukaujua ulikuwa wa nini, ukaupa mstari mzima.

Kisha "kuku akawa na wasi." Hapo ndipo nilipovua kofia. Kuku ni nani? Kuku ni weye. Mtani gani anajiita kuku mbele ya mtani wake, mbele ya watu? Miaka yote sijakusikia ukijishusha chini yangu hata kidole kimoja, na humo umejishusha mpaka uwanjani, unatapatapa, na miye umenipandisha. Nilikuwa nimelisoma kichwa chini. Nilikuwa natafuta tusi kwa sababu limetoka kwako, na kwako nilizoea kutafuta tusi. Ungenitukana kweli ningekuelewa upesi sana.

Sasa zile kucha. Kipanga aliyekosa, mtani, haondoki. Nimewaona mara nyingi. Akikosa huzunguka, mara ya pili, mara ya tatu, njaa haimruhusu kuaga. Huyu wako karuka upesi. Kipanga anayeshuka kwa kasi ile halafu akaondoka mara moja, kucha hazina kitu, basi hakufuata kitu cha kuchukua. Alishuka, akaacha. Hebu nionyeshe kipanga wa namna hiyo mahali popote, toka Mwera mpaka milimani kwetu. Hayupo. Wewe ndiye uliyemtengeneza, kwa mistari minane, kwa kuhesabu vidole, jikoni kwako, mama mkwe yuko chumba cha pili.

Na kifaranga hakimo kwa sababu ulikificha. Uliogopa mtu mwenye akili akikiona kifaranga angeuliza ni nani. Ulitoa shukrani mbele ya kijiji kizima na hukuacha alama hata moja ya kukukamata. Miye najiita bingwa wa maneno. Kwako miye mchuuzi tu wa maneno, nabeba kichwani napiga kelele njiani.

Lakini nina ungamo. Kwenye mstari wa mwisho umenipa sifa isiyo yangu. Umesema kipanga kaondoka bila kuchukua, kama vile nilikataa fungu langu kwa utukufu. Mwanaisha, nilikuwa nakimbia ile kaptula! Nazi nilizitaka sana, nilizifikiria mpaka jioni. Na wewe ulijua, maana uliyaona yale matundu mawili yakikutazama yanapotelea nyuma ya nyumba. Uliona kaptula, ukaandika kipanga. Hapo ndipo nilipojua ulikuwa malenga. Kusifu kilicho kizuri hata miye naweza.

Jumatano nikarudi Chumbageni. Nikamkuta Zuhura anasahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Mjomba, umekipata kifaranga?"

"Nimekipata. Kaa chini."

"Mbona unanitisha?"

"Kaa kwanza, mwanangu."

Nilikuwa nimewaza njia nzima. Uliniambia nilifukie, na sijawahi kufukua kitu ulichoniambia nifukie. Lakini mama mkwe wako keshatangulia, mumeo katangulia, na wewe umewafuata. Hakuna tena wa kukurudisha kwenu. Nisipolifukua, shairi linabaki tusi, linatupwa Ijumaa kwa neno langu miye, na mtoto aliyetungiwa ndiye aliyelipiga mstari mwekundu kwa mkono wake. Nikaona hapana. Nikamwambia yote, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu sikuongeza kitu.

Zuhura akaweka kalamu chini. Akainuka akaenda uani, nikasikia bomba linafunguliwa, akarudi uso umelowa.

"Mama alinikataza kusogelea kisima mpaka naolewa," akasema. "Mpaka naolewa, mjomba. Nilikuwa namwona mkali bure."

"Alikuwa mkali. Hilo usimwondolee."

Akacheka, akalia, akachukua karatasi nyingine safi akaliandika shairi upya kwa mkono. Akauliza kama aweke maelezo chini yake, watu waelewe. Nikamwambia mama yako hakuweka.

Hitima ilikuwa Jumapili iliyopita, kwako Mwera, na pilau ilikuwa nzuri kuliko yako, lazima nikwambie. Baada ya dua Zuhura akasimama kuwasomea watu mashairi machache. Akasoma la harusi, akasoma la mvua, kisha akasoma la kipanga. Alipofika mwisho wanawake hawakuhitaji kuambiwa. "Tupu! Tupu!" na makofi, kama siku ile ile, wengine hata hawakuwa wamezaliwa siku hiyo. Halafu uwanja mzima ukanigeukia, midomo tayari kwa kicheko, wanasubiri Yona ajibu.

Nilikuwa na majibu matatu, mtani. Mazuri yote. Moja lilikuwa zuri mpaka nilimhofia shehe, ana moyo dhaifu. Nikasimama, nikaweka fimbo sawa.

"Ahsante, mtani," nikasema.

Watu wanadhani ndio naanza, wanangoja mkia wa neno. Mkia haukuja. Tatu shoga yako akainua kichwa kutoka kwenye sahani yake.

"Yona, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mtani anashukuru?"

"Leo anashukuru."

"Basi kashindwa huyo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Mwanaisha kamshinda toka kaburini!"

"Kanishinda," nikasema. "Kanishinda toka zamani, miye ndiye niliyechelewa kupata habari."

Wakataka kucheka lakini walikuwa wanamtazama Zuhura. Alikuwa bado kasimama, kijitabu kakikumbatia kifuani. Akasema, kwa ile sauti ndefu uliyomwachia, mpaka walio jikoni wakasikia:

"Kifaranga kilikuwa mimi."

Akawasimulia mwenyewe. Kisima, bati, kifuu, yote, na wewe hakukuficha, na mtu hakukulaumu. Tatu ndiye aliyeanza kulia. Miye nikakaa chini, nikasikiliza kisa changu kinasimuliwa na mtu mwingine, na nikaona kwamba kinakwenda vizuri tu bila miye.

Ndiyo habari niliyotaka uipate. Zuhura kanipa ruhusa niiandike, watu wengine waisome. Kama utani ni vita, basi nimeweka silaha chini mbele ya uwanja mzima, na nimelala usingizi mzuri. Ila usizoee. Kesho nikikukumbuka nitakutukana kama kawaida.

Pumzika, mtani. Na siku nami nikifika huko, nakuomba usije ukanipokea kwa maneno mazuri. Nitadhani nimepotea njia.

Ni miye mtani wako,
Msambaa wa mnazini,
Yona